Baba Nyuma ya Wanawe: Ukoo wa Marsalis na Rekodi za Jazi

Jazi ni muziki uliochipuka miongoni mwa Wamarekani weusi wa New Orleans, mji wa bandari katika jimbo la Louisiana, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, na tangu enzi hizo umekuwa kwa kiasi kikubwa muziki wa koo. Majina kama Barbarin, Batiste na Humphrey hujirudia katika bendi za mji huo kizazi baada ya kizazi, kwa sababu watoto wengi walishika ala kwa mara ya kwanza mikononi mwa babu, mjomba au baba kabla ya kupanda jukwaani. Msomaji wa Afrika Mashariki atazikumbuka Morogoro Jazz na Western Jazz, lakini hizo zilikuwa bendi za dansi zilizotegemea magitaa. Jazi inayozungumzwa hapa ni ile ambayo kiini chake ni kubuni papo kwa papo, ambapo wapigaji hukubaliana juu ya wimbo na mfuatano wa kodi zake, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja ili kuubeba wimbo huo, kisha kila mmoja kwa zamu yake hutunga mahadhi mapya juu ya mfuatano ule ule huku wenzake wakimsikiliza na kumjibu.

Baba na wanawe wanaposikika wakipiga muziki wa namna hiyo katika rekodi moja, watu husema upesi kwamba maji hufuata mkondo. Methali hiyo ina ukweli wake, lakini haitoshi kueleza yaliyotokea katika ukoo wa Marsalis, ambao ndio ukoo mashuhuri kuliko koo zote katika jazi ya miaka 50 iliyopita, kwa kuwa humo urithi ulikwenda pande zote mbili: baba aliwapa wanawe masikio, nao wanawe wakamfungulia baba mlango wa studio. Ellis Marsalis, mpiga piano aliyezaliwa New Orleans tarehe 14 Novemba 1934, alikuwa mwanamuziki mkomavu tangu ujana wake, lakini Marekani kwa ujumla ilianza kumsikiliza alipokaribia umri wa miaka 50, na hilo lilitokea kwa sababu vijana wake wawili walikuwa tayari wana sauti mbele ya wakubwa wa kampuni za rekodi.

Ellis hakutoka katika nyumba ya wanamuziki. Baba yake, Ellis Marsalis Mkubwa, alikuwa mfanyabiashara aliyemiliki hoteli nje kidogo ya New Orleans katika miaka ya ubaguzi wa rangi, wakati ambapo hoteli za wazungu hazikuwapokea wasafiri weusi, na kwa hiyo ilipokea wageni wa hadhi ya Martin Luther King na mwanamuziki Ray Charles. Kijana Ellis alianza na klarineti na saksafoni kabla ya kuhamia kwenye piano, akahitimu elimu ya muziki katika Chuo Kikuu cha Dillard mwaka 1955, akatumikia jeshi la wanamaji, kisha akarudi nyumbani. Kurudi huko ndiko kulikoamua maisha yake ya kazi, kwa sababu wanamuziki wengi wa kizazi chake walihamia New York au Los Angeles, ambako ndiko kulikokuwa na kampuni za rekodi, magazeti na mawakala, ilhali yeye alibaki katika mji ambao watalii wake walitaka kusikia jazi ya zamani ya mtindo wa bendi za mitaani.

Yeye hakupenda kuwa mlinzi wa makumbusho. Pamoja na mpiga klarineti Alvin Batiste, mpiga saksafoni Harold Battiste na mpiga drams Ed Blackwell, Ellis alipiga bibop, yaani jazi ya kisasa iliyoasisiwa New York katika miaka ya 1940 na akina Charlie Parker na Dizzy Gillespie, muziki wenye mwendo wa kasi na kodi tata ambao haukutungwa kwa ajili ya kuchezewa dansi. Mwaka 1961 Harold Battiste alianzisha kampuni ya rekodi ya AFO, iliyomilikiwa na wanamuziki weusi wenyewe, na mwaka 1963 kampuni hiyo ikatoa santuri ya kikundi cha Ellis iliyoitwa Monkey Puzzle, ambayo mpiga drams wake alikuwa James Black, mtunzi mwenye kipaji kikubwa ambaye jina lake linastahili kutajwa mara nyingi zaidi ya linavyotajwa. Santuri hiyo haikufika mbali nje ya mji. Baada yake Ellis alipiga popote palipokuwa na kazi, ikiwemo bendi ya mpiga tarumbeta maarufu Al Hirt kati ya 1967 na 1970, na kutoka kwa Al Hirt huyo ndiko ilikotoka tarumbeta ya kwanza ya mwanawe Wynton, aliyekuwa na umri wa miaka 6 tu.

Nyumba ya Ellis na mkewe Dolores ilikuwa na watoto wa kiume 6, na wanne kati yao wakawa wanamuziki kwa kazi: Branford, mpiga saksafoni aliyezaliwa 1960, Wynton, mpiga tarumbeta aliyezaliwa 1961, Delfeayo, mpiga tromboni aliyezaliwa 1965, na Jason, mpiga drams na vibrafoni aliyezaliwa 1977. Historia za jazi humtaja baba kwa kurasa nyingi na kumpitia mama kwa mstari mmoja, jambo lisilo la haki, kwa kuwa mume anayepiga muziki usiku kucha kwa malipo madogo hawezi kulea watoto 6 pasipo mtu wa kuisimamia nyumba.

Mwaka 1974 Ellis aliajiriwa kufundisha katika kituo cha sanaa cha New Orleans, shule iliyofunguliwa mwaka mmoja kabla yake kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari wenye vipaji, na hapo ndipo ualimu ulipogeuka kuwa kazi yake ya pili, au pengine ya kwanza. Wanawe wakubwa walipita katika darasa lake sawa na watoto wa watu wengine, na miongoni mwa hao wengine walikuwemo mpiga tarumbeta Terence Blanchard, mpiga saksafoni Donald Harrison na mwimbaji na mpiga piano Harry Connick Jr. Orodha hiyo ina uzito katika hoja inayojengwa hapa, kwa sababu kama damu peke yake ndiyo ingekuwa chanzo cha ustadi, mwalimu huyo asingetoa nje ya ukoo wake mafundi wa kiwango kile kile alichokitoa ndani yake. Kilichorithiwa kilikuwa nidhamu ya kusikiliza: mwanafunzi aisikilize rekodi ya bwana mkubwa mpaka aweze kuipiga sauti kwa sauti, ajue kwa nini kila sauti imewekwa pale ilipowekwa, na baada ya hapo ndipo atafute njia yake mwenyewe.

Wynton aliondoka mwaka 1979 kwenda kusoma katika chuo cha Juilliard huko New York, na muda mfupi baadaye akajiunga na bendi ya mpiga drams Art Blakey, ambayo kwa miongo mingi ilikuwa kama jando la wapigaji vijana wa jazi. Branford akamfuata humo. Kampuni kubwa ya Columbia ikampa Wynton mkataba, na mwaka 1982, kabla kijana huyo hajatimiza miaka 21, ikatoa santuri yenye jina la Fathers and Sons, yaani akina baba na wana wao wa kiume. Santuri za wakati ule zilikuwa na pande mbili, na watayarishaji waliutumia umbo hilo kwa busara: upande mmoja ulichukuliwa na Ellis akiwa na Branford na Wynton, pamoja na Charles Fambrough kwenye besi na yule yule James Black kwenye drams, upande wa pili ulikuwa wa mpiga saksafoni wa Chicago Von Freeman na mwanawe Chico, ambaye naye ni mpiga saksafoni.

Upande wa akina Marsalis unafaa kusikilizwa kwa makini, kwa kuwa ndani yake mpangilio wa kawaida wa familia umepinduliwa. Mpiga piano katika jazi ana kazi mbili: anapofika kwenye zamu yake huongoza, na wengine wanapokuwa mbele yeye huwa mhudumu wao, akiweka kodi fupi fupi katikati ya sentensi zao za muziki ili kuwasukuma, kuwazuia au kuwaonyesha njia ambayo hawajaiona. Wanawe wakiwa mbele na vipulizwa vyao, Ellis alikaa nyuma na kufanya kazi hiyo ya pili kwa ukarimu mkubwa, akiacha nafasi tupu mahali ambapo mpigaji mwenye hofu ya kusahaulika angejaza sauti. Nyimbo nyingi zilizopigwa zilikuwa tungo zake mwenyewe, ikiwemo Twelve's It, hivyo vijana walikuwa wakiongea kwa lugha ya baba yao, na nyuma yao alikuwepo James Black, aliyekuwa amepiga drams katika Monkey Puzzle karibu miaka 20 kabla. Kwa Wamarekani wengi, hao walikuwa vijana mashuhuri waliokuja na mzee wao. Kwa watu wa New Orleans, ilikuwa kinyume chake, yaani mzee wao wanayemjua hatimaye amesikika.

Habari ya Von Freeman inafanana na hiyo kiasi cha kushangaza. Alizaliwa Chicago mwaka 1923, akabaki Chicago, na santuri ya kwanza chini ya jina lake haikutoka mpaka 1972, alipokaribia miaka 50, kwa msaada wa mwanamuziki mwenzake Rahsaan Roland Kirk. Sauti ya saksafoni yake ilikuwa na ukali na mpindo ambao masikio yaliyozoea ulaini yaliuona kama kosa, na kumbe ndio uliokuwa saini yake. Wapigaji vijana walioijia katika vipindi alivyoviongoza kila Jumanne kwenye baa moja ya upande wa kusini wa mji walijua thamani yake zamani kabla ya kampuni za rekodi. Kwake pia mwana aliyekwenda New York ndiye aliyemvuta baba hadi kwenye studio kubwa. Mambo hayo mawili yakiwekwa bega kwa bega yanaonyesha sababu ambayo haina uhusiano na vinasaba: jazi ya miji ya mbali na New York ilikuwa na mabingwa waliotegemea kusikika kwa njia ya mdomo, na uhusiano wa kifamilia ulikuwa mojawapo ya madaraja machache ya kuwafikisha kwenye kumbukumbu ya kudumu.

Katika ukoo wa Marsalis yupo pia aliyeamua kwamba rekodi yenyewe ni sanaa. Delfeayo alisomea tromboni na utayarishaji wa rekodi katika chuo cha Berklee, Boston, na tangu ujana wake akawa mtayarishaji wa albamu nyingi za kaka zake na baba yake. Vita vyake vikubwa vilikuwa juu ya sauti ya besi. Katika miaka ya 1970 na 1980 mafundi mitambo wengi walizoea kubandika kinasa sauti kidogo kwenye besi kubwa ya mbao na kupitisha mlio wake kwa waya moja kwa moja hadi kwenye mtambo, njia iliyo rahisi na safi lakini inayoufanya mlio uwe wa kunyumbuka kama mpira, usiosikika tena kuwa unatoka katika sanduku la mti. Delfeayo alitaka kipaza sauti kiwekwe mbele ya ala, kinase mbao, nyuzi na vidole, na msimamo huo uliandikwa kwenye majalada ya albamu alizozitayarisha. Matokeo yake hayakuishia kwenye besi: fundi asipoweza kuikuza besi atakavyo, mpiga drams hulazimika kupunguza nguvu ili mwenzake asikike, na bendi nzima hurudi kwenye usikilizanaji ule ule ambao baba alikuwa akiufundisha darasani.

Si kwamba ndugu hao waliishi kwa amani wakati wote. Mwaka 1985 Branford, pamoja na mpiga piano Kenny Kirkland, aliiacha bendi ya mdogo wake Wynton akaenda kupiga na mwimbaji wa pop Sting, na Wynton, ambaye tayari alikuwa akihubiri hadharani kwamba jazi ina misingi isiyopaswa kuchezewa, hakulificha chukizo lake. Waswahili husema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune, na mavuno ya mgogoro huo yapo katika rekodi. Mwaka 1991 Branford alitoa albamu aliyoipa jina la riwaya ya Ayi Kwei Armah wa Ghana, ile ile ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kwa jina la Wema Hawajazaliwa katika tafsiri ya Abdilatif Abdalla, na ndani yake akamwalika Wynton apige naye kipande kiitwacho Cain and Abel, yaani Kaini na Habili. Jina hilo ni zito, lakini saksafoni na tarumbeta zinazofukuzana ndani yake ni za watu wawili ambao kila mmoja anajua mwenzake atapumua wapi.

Baba naye aliendelea kurekodi na kila mmoja kwa namna tofauti, na hapa ndipo tofauti za wana zinapoonekana waziwazi. Columbia, kampuni ya wanawe, ilitoa albamu zake kadhaa katika miaka ya 1990, mojawapo ikiwa Whistle Stop ya 1994, ambamo alizirudia tungo za wanajazi wa kisasa wa New Orleans, zikiwemo za James Black, aliyefariki 1988 pasipo kuonja umaarufu aliostahili. Mwaka 1995 ilitoka Joe Cool's Blues, ambamo kikundi cha watu watatu cha Ellis na bendi ya Wynton ya watu 7 vinapokezana vipande vinavyohusiana na katuni za Charlie Brown. Mwaka uliofuata ilitoka Loved Ones, ya piano na saksafoni tu, Ellis na Branford wakipiga nyimbo za zamani zinazowahusu wanawake. Hiyo ya mwisho ndiyo inayofaa kupewa msikilizaji mgeni kabla ya nyingine zote, kwa sababu pasipo besi wala drams hakuna mahali pa kujificha. Branford, ambaye katika bendi yake hupiga kwa nguvu nyingi, hapo anashusha sauti hadi kwenye mnong'ono, na Ellis anaibeba midundo yote kwa mkono wa kushoto bila kuonyesha kwamba amebeba kitu.

Agosti 2001 Ellis na wanawe wanne wanamuziki walipanda pamoja jukwaani katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha New Orleans, wakati Ellis alipostaafu uongozi wa masomo ya jazi chuoni hapo, wakiwa na Roland Guerin kwenye besi na Harry Connick Jr., mwanafunzi wa zamani, akiwa mgeni wao. Tamasha hilo, lililotolewa kama albamu mwaka 2003 na kampuni ya Branford, lina faida kubwa kwa anayetaka kusikia vizazi vikipita, kwa sababu Twelve's It, iliyorekodiwa 1982 Jason akiwa mtoto wa chekechea, inapigwa humo tena, safari hii yeye akiwa kwenye drams. Mdundo wake hauigi wa James Black. Jason ana mguso mwepesi zaidi na hupenda kugawanya mapigo kwa njia zinazomlazimu kila mmoja kuhesabu upya, na kaka zake, wenye umri mkubwa kumzidi kwa miaka zaidi ya 10, wanasikika wakibadilisha mwendo ili kumfuata. Ellis, kama kawaida yake, ndiye wa kwanza kumwitikia.

Wapo waliosema kwamba ukoo huo ulibebwa na biashara, kwa kuwa kampuni za rekodi zilipenda kuuza hadithi ya familia kuliko muziki wenyewe, na kwamba vijana wengine wenye ufundi sawa, ambao baba zao hawakuwa na jina, waliachwa nje ya mlango. Lawama hiyo haipaswi kupuuzwa. Hata hivyo inawahusu zaidi walioshika mifuko ya fedha kuliko waliopiga, na inasahau kwamba kwa miaka mingi Ellis alikuwa miongoni mwa hao walioachwa nje. Mwaka 2011 taasisi ya taifa ya sanaa ya Marekani ilimtunukia yeye na wanawe wanne tuzo yake ya mabingwa wa jazi, na ilikuwa mara ya kwanza kwa tuzo hiyo kutolewa kwa kundi badala ya mtu mmoja mmoja. Lipo jambo la kujadiliwa katika uamuzi huo, kwa sababu mchango wa Ellis ungetosha kusimama peke yake.

Mwaka huo huo wa 2011 kilifunguliwa kituo cha muziki chenye jina lake katika kata ya tisa ya New Orleans, ndani ya kijiji kilichojengwa kwa ajili ya wanamuziki waliopoteza makazi katika kimbunga Katrina cha 2005, kwa juhudi za Branford na Connick wakishirikiana na shirika la ujenzi wa nyumba la Habitat for Humanity. Sehemu ya kazi hiyo ilichangiwa na mapato ya Music Redeems, albamu ya 2010 iliyonaswa katika tamasha la familia hiyo jijini Washington mwaka mmoja kabla yake.

Mwaka 2014, alipotimiza miaka 80, Ellis alisikika katika The Last Southern Gentlemen, albamu ya Delfeayo aliyoipiga pamoja na John Clayton kwenye besi na Marvin Smith kwenye drams. Tromboni ni ala iliyo karibu na sauti ya mwanamume anayeongea, na nyimbo nyingi katika albamu hiyo ni za taratibu, kiasi kwamba vidole vya mzee vinasikika vikiamua kimoja kimoja. Aliendelea kupiga katika ukumbi mdogo wa Snug Harbor, mtaa wa Frenchmen, alikozoea kupiga kila Ijumaa kwa karibu miongo mitatu, na alifariki tarehe 1 Aprili 2020 kutokana na matatizo yaliyosababishwa na UVIKO-19, katika wiki ambazo New Orleans ilikuwa miongoni mwa miji ya Marekani iliyopigwa vibaya zaidi na ugonjwa huo, na ambazo mji huo, kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu ya walio hai, haukuweza kuwazika wanamuziki wake kwa bendi.